Kuomba kazi ya programa mwandamizi wa utafiti: hatua kwa hatua, bila kuzungushana

Niliomba kazi za aina hii, yaani za kuwaandikia watafiti programu za kompyuta, mara sita kabla sijapata ya kwanza yenye neno "mwandamizi" kwenye jina, alafu baadae nikajikuta upande wa pili wa meza, napewa lundo la maombi nisome na kutoa maksi. Nilichokiona kule kilinishangaza, mana wengi walioanguka raundi ya kwanza hawakuwa wabovu, wengine walikuwa wananizidi mimi kwa mbali. Walianguka sababu waliandika kama wanaomba kazi kwenye kampuni ya kutengeneza app, au waliandika kama wanaomba uprofesa. Sasa hii kazi ni popo, si ndege si mnyama, na ukija umevaa manyoya matupu wale wenye meno hawakuelewi.

Jopo linajiuliza swali moja tu hata kama hawalitamki: huyu mtu tukimkabidhi namba zetu, yaani matokeo ya utafiti wetu, tutalala? Uandamizi ni hapo. Miaka kumi kwenye CV haijibu hilo swali, unaweza kuwa na miaka kumi ya kufanya kosa lile lile. Kila hatua nayoitaja hapa chini inazunguka hapo hapo.

Hatua ya 1: jua unaomba nini, na kinaitwaje

Kazi hii ilikuwepo muda mrefu haina jina. Mtu anaajiriwa kama mtafiti, kutwa nzima anaandika programu za wenzie, mwisho wa mwaka anaulizwa umechapisha makala ngapi anabaki anatoa macho. Mwaka 2012 kwenye warsha moja huko Uingereza watu wenye hali hiyo wakajipa jina la Research Software Engineer, kifupi RSE, na likashika. Marekani wakaanzisha chama chao 2018, wale wa Uingereza wakawa jumuiya rasmi 2019. Nakupa hiyo historia kwa sababu moja ya kimaslahi: bado sehemu nyingi hazijalizoea hilo jina, kwa hiyo ukitafuta "RSE" peke yake matangazo kibao yatakupita pembeni. Tafuta pia "Scientific Programmer", "Research Programmer", "Computational Scientist", "HPC Specialist" (mtaalamu wa kompyuta kuu), na usishangae kukuta kazi ile ile imeandikwa tu "mtafiti" alafu ukisoma majukumu ni programu mwanzo mwisho.

Alafu jua kuna aina mbili. Kuna ile unakaa ndani ya kundi moja la watafiti, bosi wako ni profesa, unazama kwenye sayansi yao mpaka unaota milinganyo yao. Na kuna ile ya timu ya katikati, unaazimwa miezi sita kwa watu wa hali ya hewa, miezi mitatu kwa watu wa jenomu, unarukaruka. Ni maombi mawili tofauti. Kwa profesa onyesha kina, kwa timu ya katikati onyesha kwamba unaingia kwenye msimbo (code) usioujua na wiki mbili baadae una kitu cha maana mkononi.

Hatua ya 2: soma tangazo kama unasoma mkataba

Vyuo na maabara za serikali nyingi zinatoa maksi kwa vigezo. Yaani msomaji ana jedwali mbele yake, kila sharti lina kisanduku, na kwenye kila kisanduku anaandika namba. Kama hujaandika kitu kuhusu hilo sharti unapata sifuri, hata kama yule msomaji anakujua na anajua unaweza. Nimeshawahi kumpa sifuri mtu ambaye laibrari yake ya programu naitumia kila wiki, sababu kwenye maombi hakuitaja kabisa! Roho iliniuma lakini kisanduku ni kisanduku.

Kwa hiyo fungua jedwali lako mwenyewe, safu mbili. Kushoto bandika kila sharti neno kwa neno kama lilivyo, ya "lazima" juu, ya "itapendeza" chini. Kulia andika ushahidi, sio sifa. "Nina uzoefu mkubwa" ni sifa. "Nilikaa na watafiti wanne tukapanga upya namna wanavyohifadhi data za majaribio, mpaka leo ndio wanaitumia" huo ni ushahidi. Ukikuta sharti la lazima liko tupu upande wa kulia, jiulize kama una kitu cha karibu. Hujawahi kutumia CUDA (ya kuandikia programu za kadi ya grafiki) lakini umeandika OpenMP (ya kugawa kazi ndani ya mashine moja) ya kutosha na unajua kadi ya grafiki inavyokaba kwenye memori? Andika hivo hivo kwa ukweli. Ukiwa na mapengo mawili matatu omba tu, jopo lenyewe linajua mtu mwenye vyote vile hayupo. Ukiwa na mapengo saba, hapo unajichosha.

Na ukikuta mwisho wa tangazo kuna jina la mtu wa kuulizwa, mwandikie! Watu wengi wanaogopa sijui kwanini. Mimi nauliza matatu: nani anatumia hiyo programu sasa hivi, nani aliiandika na bado yupo, na hela ya mradi inaisha lini. Hilo la pili linafichua mambo. Ukijibiwa "aliyeiandika aliondoka, hakuna anayeielewa vizuri" basi umeshaambiwa kazi yenyewe ni ipi, tangazo liseme litakavyosema, na barua yako iandike kuhusu hilo.

Hatua ya 3: chagua hadithi tatu (hapa ndio kila kitu)

Ukifanya hatua hii vizuri zilizobaki zinajiandika. Unahitaji hadithi tatu za kweli kutoka kwenye kazi zako: moja ya kasi, moja ya usahihi, moja ya watu. Zitakaa kwenye CV kwa mstari mmoja mmoja, kwenye barua mbili kati yake kwa aya, kwenye intavyu kwa dakika tano tano.

Ya kasi. Kila mtu anaandika "niliboresha utendaji kwa kutumia MPI na OpenMP" (MPI nayo inagawa kazi, ila kwa mashine nyingi). Nimeisoma hiyo sentensi mpaka nikaizoea kama mlio wa simu. Haisemi kitu. Sasa soma hii, ni mfano tu: "Simulesheni ilikuwa inachukua saa 31. Nikaiwekea profaila (chombo cha kupima muda unapotelea wapi), ikaonekana zaidi ya nusu ya muda kore zote (vile viini vya kompyuta vinavyopiga hesabu sambamba) zinasubiri kore moja iandike faili. Nikabadilisha uandishi ukawa sambamba, ikashuka hadi saa 14, nikaishia hapo makusudi, mana kilichobaki kingehitaji kubadilisha algoridhimu na watafiti hawakuwa na shida nayo tena." Unaona ile "nikaishia hapo makusudi"? Hiyo ndio inayomfanya msomaji aseme huyu ni mkubwa. Programa mchanga anaongeza kasi mpaka basi, mwandamizi anajua lini inatosha.

Na usijimwambafai na idadi ya kore. "Nimetumia kore 1,000" inamfanya mjuzi aulize tu ufanisi ulikuwa asilimia ngapi. Kuna sheria ya Amdahl ya mwaka 1967, hesabu yake ni ya kidato tu: kama asilimia 10 ya programu yako haiwezi kugawanywa, ukiweka kore 64 unapata kasi kama mara 8.8, na hata ukiweka kore milioni hutavuka mara 10. Ukiitaja grafu ya kasi dhidi ya kore na useme ilipinda wapi na kwanini ilipinda, umemaliza.

Ya usahihi. Hii watu wengi hawana kabisa kwenye maombi yao na ndio jopo linayoitafuta kwa tochi. Mwaka 2006 kundi moja la watafiti wa maumbo ya protini walilazimika kuondoa makala tano, zikiwemo za majarida makubwa kabisa, sababu programu yao ya ndani ilikuwa inabadilishana safu mbili za data. Safu mbili tu! Programu haikuanguka, haikutoa kosa lolote, ilitoa picha nzuri tu ya kitu ambacho sicho. Kila mtu aliyekaa kwenye jopo anaiogopa siku kama hiyo.

Kwa hiyo toa hadithi inayoonyesha umewahi kukamata kitu cha namna hiyo, au umejenga uzio wa kukikamata. Mfano mdogo ambao mimi niliutumia mwenyewe: mtafiti alikuja analalamika kwamba majibu yanabadilika akiongeza kore, anadhani ni bagi, yaani kosa kwenye programu. Nikamfungulia Python nikaandika (0.1+0.2)+0.3, ikatoa 0.6000000000000001, alafu 0.1+(0.2+0.3) ikatoa 0.6. Kompyuta ukibadilisha mpangilio wa kujumlisha, tarakimu za mwisho zinabadilika, na ukibadilisha idadi ya kore ndio umebadilisha mpangilio. Lakini sikuishia kumwambia "ni kawaida", mana hapo ndio mabagi ya kweli yanapojificha. Tukakaa tukakubaliana tofauti ya kiasi gani ni kelele na kuanzia wapi ni kosa, tukaiweka kwenye testi, na testi ikaja kulia miezi miwili baadae, safari hiyo ikiwa bagi ya kweli. Hadithi hiyo haina teknolojia yoyote ya ajabu na imenipa kazi.

Ya watu. Umewahi kumshawishi mwanasayansi mwenye folda lenye faili "mpya", "mpya2" na "mpya_ya_mwisho_kweli" atumie Git, ile inayotunza kila toleo la faili? Ulifanyaje? Kama jibu ni "niliwalazimisha" usiiandike. Kama jibu ni "nilimsaidia kwanza kurudisha faili aliyoifuta, alafu akaniuliza mwenyewe ile umefanyaje" hiyo andika.

Niseme na kosa langu hapa. Intavyu moja, taasisi nzuri tu siitaji, wakaniuliza: tuna mistari kama laki mbili ya Fortran 77 (lugha ya zamani ya programu), utaifanyaje? Mimi kwa kujiamini kabisa nikasema nitaiandika upya yote kwa C++. Kimya. Mzee mmoja pembeni akavua miwani akaniuliza taratibu, "na matokeo ya miaka yote tuliyochapisha utayalinganishaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetukana kazi ya maisha yake bila kujua, Fortran ipo tangu 1957 na mpaka leo modeli kubwa za hali ya hewa zinaitumia, haipo kwa bahati mbaya. Siku mbili baadae imeili ya "tunasikitika".

Leo ningejibu hivi: kwanza naihakikisha inajengeka kwenye mashine safi, alafu nagandisha matokeo ya rejea tunayoyaamini, nazungushia testi, naweka mlango wa kuiita kutoka Python ili vijana wafanye kazi bila kuigusa, na baada ya hapo ndio profaila iseme kipande gani kinastahili kuguswa, kimoja kimoja. Jibu refu na halina mvuto, lakini linamfanya mzee arudishe miwani usoni.

Hatua ya 4: CV

Fupi tu hapa. Kurasa mbili tatu. Juu kabisa mistari mitatu: unafanya sayansi ya aina gani, ukubwa gani wa kompyuta, unapenda nini. Orodha ya lugha 19 unazozijua itoe, weka nne tano na useme kila moja uliitumia kujenga nini. Usiandike nyota nyota za ujuzi, nyota nne kati ya tano za C++ maana yake nini?

Mahali ambapo mwanazuoni anaweka makala, wewe weka programu. Jina, inafanya nini kwa sentensi moja, wewe ulikuwa nani pale (mwanzilishi, mtunzaji, uliongeza kipande fulani), nani anaitumia. Na zipe anwani ya kudumu: Zenodo, ile hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa maabara ya fizikia ya CERN mwaka 2013, inakupa DOI (namba ya kudumu ya kurejelea) bure na inaungana na GitHub (tovuti ya kuwekea msimbo) kwa hiyo kila ukitoa toleo jipya inahifadhiwa. Weka na faili la CITATION.cff ndani ya repo (folda la mradi linalotunzwa na Git) ili watu wajue namna ya kukutaja. Kama programu yako ina uzito, kuna jarida la JOSS lililoanza 2016, linapokea programu za utafiti, makala yenyewe ni fupi, na wakaguzi wanaipitia programu yako hadharani kwenye GitHub. Hata ule mjadala wa ukaguzi wenyewe ni ushahidi, mana jopo linaona unavyopokea lawama.

Kama kazi zako nyingi zimefungwa na mwajiri huwezi kuzionyesha, eleza tatizo na ulivyolitatua bila kutoa siri. Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 5: safisha repo moja

Moja. Sio kumi na mbili zenye jaribio la siku mbili. Chagua ile utakayoweka linki yake, alafu fanya hivi: mpe mtu asiyeijua, mashine mpya, mwambie aiendeshe kwa kusoma README (faili la maelekezo) tu, wewe kaa nyuma yake ufunge mdomo. Utaumia. Atakwama mstari wa tatu kwenye kitu ambacho we ulikiweka mwaka juzi ukasahau. Rekebisha, rudia na mtu mwingine.

Weka testi hata chache, zijiendeshe zenyewe kila ukisukuma mabadiliko. Weka leseni, mana msimbo usio na leseni kisheria watu hawana ruhusa ya kuutumia hata kama uko hadharani. Na kama uliwahi kuacha nywila mle ndani, kuifuta faili hakusaidii, historia ya Git inaikumbuka, kwa hiyo badilisha nywila yenyewe kabla ya yote. Usicheke, nimeiona kwenye maombi ya mtu wa ngazi ya juu kabisa.

Kuna wanaofuta historia yote ili repo ionekane safi, commit (badiliko lililohifadhiwa) moja tu "toleo la kwanza". Mimi nashauri usifanye. Mkaguzi mzuri anafungua historia kuliko hata msimbo, anataka kuona ulivyofika pale, ulivyokosea na ulivyoandika ujumbe wa kueleza marekebisho.

Hatua ya 6: barua

Ukurasa mmoja na nusu, usivuke viwili labda kama wametaka ujibu kila kigezo. Kabla hujaandika soma makala zao mbili na ufungue msimbo wao kama uko wazi, ujenge, uuendeshe. Asilani usiandike "nimeona msimbo wenu una matatizo mengi". Andika kitu kama:

"Nilijenga toleo lenu la karibuni kwenye mashine yangu nikaendesha mfano wa pili wa mafunzo. Nimeona data zinahifadhiwa kwa umbizo ambalo kore moja tu ndiyo inaandika. Kwenye mradi wangu uliopita hali kama hii ilitubana tulipovuka kore 200, na ningependa kujua kama nanyi mmeshaanza kuiona."

Imeonyesha umefanya kazi ya nyumbani, umewahi kukutana na hilo tatizo, na umewaachia wao nafasi ya kujibu. Ukiweza kutuma rekebisho dogo kwenye repo yao wiki kadhaa kabla, hata la maelezo ya kusakinisha tu, tuma, lakini liwe la msaada kweli, usifanye la kujionyesha siku moja kabla ya dedilaini.

Aya inayofuata hadithi ya usahihi, inayofuata ya watu. Ya kasi iache CV, wengi wanayo. Na barua zilizoandikwa na AI mwanzo mwisho zinajulikana, ukisoma arobaini kwa siku mbili unazisikia zina sauti moja, tena zote "zimefurahi kuomba nafasi hii adhimu". AI itumie kusahihisha tahajia, mengine andika wewe.

Kama huna PhD na hawajaiweka kwenye lazima, usianze kujitetea, usiitaje. Kama umetoka kampuni za kawaida, tafuta sehemu moja uliyoshughulika na namba zenye uhakika pungufu, mana hofu yao ni kwamba umezoea mahitaji yaliyoandikwa vizuri, na utafiti mahitaji yanabadilika Jumanne. Kama umetoka kwenye utafiti hofu yao ni kinyume, kwamba unaandika msimbo wa kutumika mara moja ukatupwa, kwa hiyo onyesha kitu ulichokitunza miaka.

Wadhamini: usitafute cheo kikubwa. Mwanasayansi aliyetumia programu yako na kuchapisha kwa matokeo yake ana uzito kuliko mkuu wa idara anayekujua kwa sura. Mtumie tangazo na hadithi zako tatu kwenye nusu ukurasa, mana kama hujamkumbusha ataandika "ni mchapakazi na anafika kwa wakati".

Alafu PDF, jina lako kwenye jina la faili, na utume siku moja kabla. Ile mifumo ya kupokelea maombi ina tabia ya kumeza viambatisho saa ya mwisho.

Hatua ya 7: intavyu

Mara nyingi ni vipande vitatu: wasilisho la dakika kumi na kitu, maswali, na zoezi la kusoma msimbo.

Kwenye wasilisho kuna mtu angalau mmoja ambaye sio programa, na kura yake inahesabiwa sawa na za wengine. Jizoeze kueleza jambo moja la kiufundi aelewe. Mimi natumia la memori: Fortran inapanga jedwali kwa safu wima, C inapanga kwa mistari mlalo, ukizungusha lupu (hatua zinazojirudia) kinyume na mpangilio kompyuta inahangaika. Ni kama usome kitabu kwa kusoma neno la kwanza la kila ukurasa mpaka mwisho, alafu urudi mwanzo usome neno la pili la kila ukurasa. Maneno ni yale yale, lakini utakuwa umefunua kurasa mpaka vidole viume. Watu wanatabasamu, na wamekuelewa.

Zoezi la kusoma msimbo ndio linaangusha wengi, wanarukia kusahihisha majina ya vigezo (variables za kwenye msimbo) na nafasi. Anza kwa kuuliza hii programu inatakiwa ifanye nini na kwa data kubwa kiasi gani. Niliwahi kupewa mistari kama ishirini inayohesabu matukio kwenye lupu, imeandikwa vizuri, safi, kigezo cha kuhesabia ni desimali ya biti 32. Ukiwa na data ndogo hakuna shida yoyote. Lakini aina hiyo ikifika 16,777,216 ukiongeza moja inabaki pale pale, haiendi mbele, haitoi kosa, inasimama kimya kimya. Ningekuwa sijauliza "matukio mangapi?" nisingeiona. Wakajibu kama milioni hamsini, wakaangaliana.

Ukiulizwa usichokijua sema sijui, alafu sema ungeanzia wapi kutafuta. Kupiga kamba mbele ya watu ambao kazi yao ni kuchunguza ukweli ni kujitafutia aibu.

Na uulize wewe pia. Jina langu litakuwepo kwenye makala zinazotokana na programu? Kuna muda uliotengwa wa kutunza msimbo au ni vitu vipya tu? Kuna programa wengine au nitakuwa peke yangu? Kupanda cheo kunapimwa kwa nini? Hilo la mwisho waangalie usoni wakati wanajibu. Kama wanasema "kwa machapisho" na kazi yenyewe haikupi muda wa kuchapisha, umeshajua dari lako liko wapi.

Hatua ya 8: wakikupa

Ngazi ya mshahara vyuoni huwa imefungwa, lakini ndani ya ngazi mara nyingi kuna vidato, omba cha juu na ueleze kwanini, kwa imeili, kabla hujasaini. Pasipowezekana kwenye hela omba vingine: muda wa kompyuta kuu kwa kazi zako, nauli na ada ya kongamano moja kwa mwaka, siku moja kwa wiki mbili ya kujifunza, neno mwandamizi kwenye jina la kazi. Suala la jina kwenye makala lipate kwenye maandishi hata ya imeili tu. Uliza mkataba unaisha lini na wa mwisho waliyekuwa naye aliongezewa au aliondoka.

Wakikunyima, waombe maoni, na uombe kwa vigezo: "niliwapungukia kwenye sharti lipi?" Ukiuliza jumla jumla utajibiwa "kulikuwa na ushindani mkubwa". Rudi kwenye lile jedwali lako la safu mbili, weka safu ya tatu, andika walichosema mbele ya sharti husika. Usilifute likiisha ombi moja, ndilo unaloanzia nalo linalofuata. Langu mimi kwenye mstari wa misimbo ya zamani palikuwa pameandikwa tu "mzee wa miwani", na lilipokuja tangazo jingine lenye Fortran ndani nilianza kuandika barua kutokea mstari huo.